Maombi ya Kupakiwa Kama Mzigo wa Hatari Siku ya Alhamisi

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Usafirishaji wa Vitu vya Hatari,
Ofisi ya Usafishaji wa Maeneo Yaliyoungua.

Kumb. Na.: Ilikuwepo. Iliungua.

Jumanne.

Ndugu Mkuu,

YAH: KUTAMBULIWA KUWA MZIGO WA HATARI NA KUSAFIRISHWA BILA KARATASI

Kichwa cha habari hapo juu umekisoma sawasawa, usihangaike kufuta miwani.

Mimi ni mama wa miaka sitini na minne, mjane, karani mstaafu wa masjala, na mkazi wa mtaa wa juu kabisa, ule uliopakana na msitu na ambao sasa haupakani na kitu. Mtaani wananiita Mama Betri, kwa sababu zisizohusiana na barua hii. Moto uliposhuka kutoka msituni wiki sita zilizopita nilitoka ndani na mkoba, miwani, na viatu viwili visivyojuana. Tangu siku hiyo naishi kwa binti yangu na mumewe, katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya baiskeli. Baiskeli bado ipo.

Nimesoma tangazo lako kwenye ukuta wa kituo cha afya. Linasema kwamba kwa siku tisini, masharti ya kusafirisha vitu vya hatari kutoka maeneo yaliyoungua yamelegezwa ili kazi iende haraka. Dereva hahitaji cheti maalumu. Lori halihitaji kibao. Mzigo hauhitaji hati wala ukaguzi. Mapipa ya kufungwa hayahitajiki tena, turubai linatosha. Nililisoma mara tatu nikiwa nimesimama, moyo ukafurahi, mpaka nilipofika mwisho nikagundua kwamba kila kitu kimelegezewa isipokuwa mimi. Ndiyo maana naleta malalamiko yafuatayo, kwa heshima zote.

1. Kuhusu kibao.

Mkwe wangu ni dereva wa mojawapo ya malori yanayozoa majivu na vifusi vya nyumba zetu. Kabla ya tangazo, lori lake lilikuwa na kibao cha rangi ya machungwa mbele na kingine nyuma, kimeandikwa HATARI kwa herufi nyeusi ambazo hata bila miwani nazisoma. Tangazo lilipotoka akavifungua vyote viwili. Cha nyuma sijui kilikoishia. Cha mbele alikuja nacho nyumbani akakiegemeza ukutani, na kesho yake mjukuu wangu, msichana wa darasa la pili ambaye ndiyo kwanza amejua kusoma na anataka dunia nzima ifahamu, akakitundika kwenye mlango wa chumba changu. Nilikuwa nimemkemea kidogo kuhusu sabuni.

Ndugu Mkuu, sikukitoa. Ni kibao halali, kina namba nyuma, na kimekaa mlangoni kwangu siku kumi na moja bila mtu yeyote mwenye mamlaka kukipinga. Kule masjala, jalada likikaa kwenye rafu siku kumi bila kuulizwa, tulihesabu kuwa hapo ndipo mahali pake. Kwa upande wa kibao, basi, nimekamilika. Ninacholalamikia ni kwamba mimi ninacho na sisafirishwi, na lori halinacho na linasafiri kutwa nzima.

2. Kuhusu karatasi.

Kwenye barabara ya kuingia mtaani kwetu kuna kizuizi: bomba la chuma, kiti cha plastiki, na mlinzi. Mlinzi ana adabu sana, na ni adabu hiyo inayonimaliza, maana huwezi kumgombeza mtu aliyekuamkia vizuri. Ananiambia, "Shikamoo mama, kibali tafadhali." Kibali hutolewa na ofisi ya ardhi. Ofisi ya ardhi inataka barua ya mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti anataka kitambulisho, ofisi ya vitambulisho inataka cheti cha kuzaliwa, na wote kwa umoja wao wanataka hati halisi ya nyumba. Hati halisi ilikuwa kabatini na kabati lilikuwa ndani ya nyumba. Nilimweleza mlinzi kwamba hati ipo, ipo nyuma ya mgongo wake, mita hamsini tu, isipokuwa imekuwa majivu. Aniache nipite nikamletee, nitaikinga kwa mkono isipeperuke. Akasema majivu ni kitu cha hatari na mimi sina ruhusa ya kuyabeba.

Tukiwa katika mazungumzo hayo lori likapita. Halikusimama hata kidogo. Mlinzi aliinua bomba kwa mkono mmoja huku akiendelea kunieleza utaratibu kwa mkono mwingine. Juu ya lori niliona mitungi ya gesi iliyovimba, makopo ya rangi, jokofu lililolala chali, na chini yake kitu kinachodondoka tone kwa tone barabarani. Turubai lilikuwa linapepea upande mmoja. Hakuna aliyeuliza hati halisi ya jokofu.

3. Kuhusu sababu ya safari yangu.

Usije ukadhani nakusumbua kwa kupenda kuzurura. Marehemu mume wangu alikuwa fundi. Alikuwa na banda uani, ndani ya banda meza ya mbao nene, na juu ya meza jiriwa, lile dude la chuma lenye meno mawili mapana ya kubania kitu, linalokazwa kwa kuzungusha mpini. Alilinunua kabla hajanioa, na kila tulipokosana alinikumbusha kwamba lilitangulia. Kila jioni akimaliza kazi aliuachia mpini uanguke wenyewe, ukagonga chuma, ngo, nami nikajua niteleke maji ya kuoga. Nimeisikia ngo hiyo miaka thelathini na mmoja. Baada ya kumzika nilikuwa naenda bandani mara mojamoja nauachia mwenyewe. Sikumwambia mtu.

Picha zake zimeungua. Koti lake, kiti chake, barua alizoniandikia akiwa mafunzoni, vyote vimekwenda. Jiriwa halikuungua, kwa kuwa ni chuma tupu. Nimeliona kwa macho yangu kutoka kwenye kizuizi, limekaa juu ya majivu ya meza yake kama mtu anayesubiri kuitwa. Ninalitaka. Ninalitaka vibaya sana, wala sioni haya kuliandika hilo katika barua ya kiofisi.

Sasa, kiwanja changu kimepangiwa kusafishwa Alhamisi hii, saa mbili asubuhi. Tingatinga litachota kila kitu, lori litabeba, na vyote vitakwenda kufukiwa shimoni. Lori lenyewe ni la mkwe wangu. Nilimwomba anichukulie jiriwa, akasema, "Mama, nikikutwa na hata msumari wa kiwanja cha mtu, kazi sina." Ni kweli. Sharti hilo hamkulilegeza: mwenye mali achukue mwenyewe, kwa mkono wake, kabla tingatinga halijaanza. Nikamwomba anipakie mbele, pembeni yake, anishushe pale. Akasema abiria hawaruhusiwi kupita kizuizi. Kinachoruhusiwa ni mzigo tu.

Akili ilinijia hapohapo, kijiko cha uji kikiwa njiani kwenda mdomoni.

4. Kuhusu sifa zangu.

Tangazo lako limetaja aina za vitu vya hatari. Nimejipima aina kwa aina, bila kujipendelea.

Vitu vinavyowaka upesi: nawaka. Juzi niliwaka kwa sababu ya kifuniko cha sufuria, na nyumba nzima ilitoka nje. Vitu vinavyoweza kulipuka vikitikiswa: nina shinikizo la damu, na daktari ameandika kwa mkono wake kwamba nisitikiswe. Gesi: hapa tupite haraka. Vitu vinavyochoma: mdomo wangu, na shahidi ni mkwe, ambaye amewahi kumwambia binti yangu kwamba maneno ya mama huwa anakaa nayo siku tatu. Vitu vyenye harufu kali: dawa ya kuchua magoti, asubuhi na jioni. Vitu visivyojulikana asili yake: sina kitambulisho wala cheti cha kuzaliwa, na kwa mujibu wa ofisi ya vitambulisho, ambako nilisimama dirishani saa nzima na mwili wangu wote, bado haijathibitika kwamba nipo.

Nakuuliza, Ndugu Mkuu, kwa roho safi kabisa: kuna pipa gani kwenye malori yako lenye sifa zote hizi kwa pamoja? Na pipa hilo linapita.

5. Kuhusu namna ya kunifunga, na upande wa kwenda.

Turubai nimekubali. Nitalala chini yake bila kunung'unika, nitakaa palepale nitakapowekwa, na naahidi sitavuja. Hilo ni zaidi ya lililoahidiwa na jokofu.

Najua utasema kwamba malori huingia matupu na mzigo hupakiwa ndani, kwa hiyo mimi ningekuwa naelekea kinyume. Hilo nimelifanyia kazi. Usiku ule wa moto nilitoka eneo lililoungua bila kukaguliwa, bila hati, bila kuandikwa popote. Jalada likitoka masjala bila kusainiwa halijadiliwi. Linarudishwa kwenye rafu lilikotoka, linasainiwa, ndipo linatoka tena kihalali. Nami narudishwa nilikotoka kwa ajili ya marekebisho. Dakika kumi na tano zinatosha.

6. Kuhusu nyumba ninayoishi, ambako hakuna kilicholegezwa.

Binti yangu ni mpimaji wa maabara, na ameweka utawala wake. Mumewe akirudi kazini haruhusiwi mlango wa mbele. Anazunguka uani, anavua buti na kuzitumbukiza kwenye ndoo, nguo za kazi zinaingia beseni lao peke yake, anaoga kuanzia nywele, ndipo anamshika mtoto. Anakohoa uani huko huko. Nilimwambia binti yangu, "Mwanangu, hata wakubwa wamelegeza, wewe ni nani unayekaza?" Akanijibu huku akisugua buti, "Mama, wamelegeza karatasi. Mapafu ya mume wangu hawajayalegeza."

Naomba kitengo chako kimwandikie barua ya onyo, maana anakatisha watu tamaa. Wiki iliyopita mkwe alirudi na suruali ya kazi yenye matundu madogo madogo mapajani, kama iliyoliwa na nondo. Binti yangu akaanza kuuliza maswali. Mlibeba nini? Kilimwagika nini? Nani alikagua? Mkwe akasema siku hizi hakuna anayekagua, wanabeba kulingana na alichoandika mwenye kiwanja kwenye fomu, kama ameandika hakuna basi hakuna. Kabla ugomvi haujanoga nikaichukua ile suruali, nikaitia viraka vinane, mambo yakaisha. Mkwe alinishukuru sana. Huyo ni mtu mwema, na naliandika hili kwa kuwa nina hakika hatalisoma.

7. Kuhusu uaminifu wangu.

Mwisho, naomba uaminifu wangu uzingatiwe. Fomu ya Mwenye Kiwanja niliijaza siku ya kwanza. Kipengele cha tisa kinauliza kama kiwanjani kulikuwa na betri, asidi, mitungi ya gesi, sumu au kemikali yoyote. Niliandika HAKUNA, kwa herufi kubwa, na karani akausifia mwandiko wangu. Jirani yangu mwalimu, ambaye hajui kuishi na watu wa ofisi, aliandika kwamba alikuwa na makopo mawili ya dawa ya mchwa. Kiwanja chake kimezungushiwa utepe. Anasubiri wataalamu wenye mavazi maalumu, ambao watakuja mvua zikiisha, na mvua zenyewe hazijaanza. Tena nasikia wataalamu hao hawaachi kitu: kila chuma kinaingia kwenye pipa, pipa linafungwa, na mwenyewe hatii mguu. Mimi mwenye HAKUNA nimepangiwa Alhamisi. Nadhani unaona tofauti kati ya raia mwenye ushirikiano na raia msumbufu.

Kutokana na hayo yote, naomba nigongwe mhuri wa mzigo wa hatari, mgongoni au popote ambapo kitengo kitaona panafaa. Nipakiwe Alhamisi saa moja na nusu. Nishushwe kwenye banda la marehemu mume wangu. Kisha nipakiwe tena nikiwa nimelipakata jiriwa, ambalo katika karatasi zako unaweza kuliandika kama kifaa cha kuzuia mzigo usiteleze. Hakuna atakayepata hasara na hakuna atakayeumia. Kama masharti yanaweza kulegezwa kwa ajili ya haraka, naamini yanaweza kulegezwa sentimita chache zaidi kwa ajili ya mama wa watu.

Nisalimie karani wa dirisha la fomu, mwambie mwandiko bado upo. Msalimie mlinzi wa kizuizi na umwambie anywe maji, jua ni kali pale. Msalimie dereva wa tingatinga, mhudumu wa chai wa ofisi yako, aliyechapa tangazo, na hata aliyelibandika juu kiasi kile kwamba ilibidi nisimame kwa vidole. Wa kwangu hawajambo, isipokuwa kile kikohozi.

Ni mimi, ninayewaka kwa heshima,

Mama Betri,
Karani Mstaafu wa Masjala.

Nakala: Jalada, likipatikana.

Nyongeza. Jumatano, asubuhi.

Barua hii ilikuwa imeshafungwa. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, samahani kwa bahasha kujikunja.

Jana jioni mkwe wangu alikuja akasimama mlangoni kwangu, kibao cha HATARI kikiwa usawa wa uso wake, amevaa ile suruali yenye viraka. Akasema, "Mama, kesho kutwa ndiyo kwenu. Kule bandani kwa baba kulikuwa na nini? Niambie tu nijue, maana vipande vidogo tunapakia kwa mikono." Nikamwambia vyuma tu. Akasema, "Haya mama, asante," akaenda kuoga. Hakuuliza mara ya pili. Aliniamini.

Ndugu Mkuu, nondo hawali suruali ya kazi. Matundu yale nayajua, nimeyatia viraka miaka thelathini na mmoja. Ni ya asidi. Mume wangu alikuwa fundi wa betri za magari, na ndiyo sababu naitwa Mama Betri. Jina hilo mmeliandika ninyi wenyewe juu ya fomu yangu, na chini yake mkapokea HAKUNA, na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Lakini sina haki ya kuwacheka. Mlipolegeza kila kitu mlibakiza kitu kimoja tu cha kuwalinda wale madereva, nacho ni mimi kusema kweli. Na mimi nilikuwa nataka jiriwa.

Usiku sikulala. Asubuhi hii nimewaita wote wawili nikawaambia. Mkwe alikaa tu akaangalia viraka vyake. Binti yangu ndiye aliyesema, na maneno yake nitakaa nayo zaidi ya siku tatu. Mkwe ananieleza kwamba dereva hana ruhusa ya kukataa kiwanja chenye HAKUNA. Anayeweza kukizuia ni wewe peke yako. Ndiyo maana barua hii anakuletea mwenyewe, mkononi, na anasubiri hapo nje.

Kwa hiyo yote niliyoandika kuanzia namba moja hadi namba saba yafute. Rudisha cheti, rudisha hati, rudisha mapipa na wakaguzi, na kama kuna sharti ulilokuwa umelisahau, liongeze. Barua ya onyo kwa binti yangu usiiandike. Kama una nafasi ya kazi, mpe yeye. Kibao nimekitoa mlangoni na nimekifunga mbele ya lori kwa waya, mafundo manne. Dereva akiambiwa akifungue, atahitaji koleo.

Kipengele cha tisa kisomeke hivi: BETRI SITINI NA ZAIDI, NA CHUPA KUBWA SABA ZA ASIDI, KWENYE SHIMO LILILOFUNIKWA BATI, CHINI YA MEZA, KUSHOTO KWA JIRIWA.

Niwekeeni utepe kama wa mwalimu. Nitasubiri mvua zianze na nitasubiri ziishe. Na siku wataalamu watakapokuja na mavazi yao, na pipa lao likiwa wazi, naomba mmoja wao, kabla ya kulitia jiriwa ndani, auinue ule mpini kisha auachie. Asiseme chochote, auachie tu. Mimi nitakuwa pale kwenye kizuizi, ni mita hamsini, nitausikia.